Kompyuta Yangu Haina Start

Leo asubuhi, saa tatu na dakika zake, binti mmoja ambaye kwa sauti tu ningeweza kuwa baba yake amenieleza, kwa upole ule wa wauguzi wanaotoa habari mbaya, kwamba kompyuta yangu ina matatizo kwa sababu haina Start, kile kitufe cha kuanzia cha Windows. Nilikuwa nimeshika mkonga wa simu ya mezani kwa mkono mmoja na kalamu kwa mkono mwingine, nimevaa shati la kazini siku ya Jumamosi, maana mimi ni mweka hazina wa chama cha kuzikana cha mtaa wetu na siamini kwamba jambo zito linaweza kushughulikiwa na mtu mwenye msuli kiunoni. Nikakosa la kujibu. Nimeishi miaka 47 bila mtu yeyote kunidai Start.

Chanzo ni mpwa wangu. Mwaka huu wa 2006, baada ya virusi kuila ile Windows yangu ya Kariakoo, ambayo sitaeleza ilivyonunuliwa, alikuja na bahasha iliyopita posta ikiwa na CD za Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux, toleo la 6.06. Zilikuwa za bure kabisa, kwa hisani ya Mark Shuttleworth, yule tajiri wa Afrika Kusini aliyekwenda anga za juu mwaka 2002 na ambaye, inaonekana, aliporudi duniani alituonea huruma. "Mjomba," mpwa wangu akasema, "huu ni mfumo huria. Virusi vya Windows havina kazi humu, leseni hununui, na jina lake ni ndugu wa neno letu la utu." Hapo ndipo aliponikamata, kwa sababu jambo likishatajwa utu mimi huwa sibishi.

Utu wenyewe ulikomea kwenye modemu, kile kifaa cha kuingilia intaneti kwa laini ya simu. Kadi ya modemu iliyokuwamo ndani ya kompyuta ilikuwa ya aina ile isiyo na akili yake yenyewe. Kazi ya kufikiri huachiwa programu ya Windows, na Windows ikiondoka kadi hubaki imesimama kama saidia fundi ambaye fundi wake hakuja kazini. Dawa ipo, akasema mpwa: kiendeshi chake, yaani programu ya kuiongoza kadi, kinapatikana kwenye intaneti. Nikamwomba arudie. Ili niingie kwenye intaneti, sharti kwanza niingie kwenye intaneti. Basi nikapanda daladala hadi kwenye mgahawa wa intaneti, ambao nadhani uliitwa mgahawa kwa dhihaka maana hata chai hawana, nikashusha faili, nikaligawa kwenye diski mbili za megabaiti 1.44, na nilipofika nyumbani diski ya pili ikagoma kusomeka. Nikarudi. Safari hiyo kiendeshi kilifika kizima, kikatangaza kwamba hakiwezi kujengwa mpaka nikashushe vitu vingine sita. Nikaenda kuazima modemu ya nje.

Modemu ya nje ni kiboksi cha rangi ya maziwa chenye safu ya taa nyekundu, kinajitegemea kwa akili, na huchomekwa nyuma ya kompyuta kwenye lango ambalo Windows huliita COM1 na Linux huliita ttyS0, kwa sababu watu wa Linux huanza kuhesabu kwenye sifuri kama watu wasio na haraka ya kufika popote. Husemeshwa kwa amri zilizoanza na modemu ya Hayes ya Marekani mwaka 1981, na kila amri hutanguliwa na herufi AT, kifupi cha neno la Kiingereza la kumtaka mtu asikilize. Mimi huzisoma "ati". Ati Z, rudi ulivyokuwa. Ati DT, piga namba hii. Ati H, kata simu. Sikuwahi kudhani kwamba kuna chombo duniani kinachoamrishwa kwa lahaja ya mama mkwe wangu.

Siku ya kwanza kiboksi kilijibu NO DIALTONE, hakuna mlio. Mlio ulikuwapo. Niliusikia mimi, akausikia Mama Neema, tukamwita na mtoto wa jirani naye akausikia. Kumbe modemu hii ilizoeshwa mlio wa simu za kwao, na wa kwetu iliuchukulia kuwa kelele. Nikaiandikia ATX3, maana yake usisubiri mlio wowote, wewe piga tu, nayo ikapiga. Ikatoa kwikwi, ikafuatia miluzi, kisha mvumo kama mafuta ya maandazi yaliyodondokewa na maji, taa zikawaka moja baada ya nyingine, na kwenye skrini yakatokea maneno kwamba wvdial, programu ya Linux ya kupiga simu za intaneti, inasubiri kukaribishwa. Ikasubiri. Nusu dakika ikapita. NO CARRIER, mstari umekatika. Taa zikazimika. Hapa nitasema jambo la pembeni: tangu mwaka 2004 tunayo Jambo OpenOffice, kazi iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mtu anaweza kuandika barua nzima bila kukutana na neno la kigeni kwenye menyu, lakini modemu ikikasirika bado hukasirika kwa Kiingereza, tena kwa herufi kubwa.

Nilirudia jambo hilo kwa siku tatu, kila umeme ulipokuwa zamu yetu. Mama Neema alinikumbusha kwamba shangazi wa Tanga hutupigia simu kila Alhamisi, na kwamba mtu anayetupigia siku hizi hukuta simu inatumika wakati wote. Nikamwambia shangazi ataelewa.

Leo, basi, nikawapigia wanaoniuzia intaneti.

"Shikamoo baba, karibu huduma kwa wateja."

"Marahaba, binti yangu. Habari za kazi?"

"Nzuri, baba. Za nyumbani?"

Nyumbani salama, watoto wazima, mvua hakuna, umeme kama unavyouona. Dakika zilikuwa zinahesabiwa, nalijua hilo, lakini mtu huwezi kumvamia mtoto wa watu kwa shida zako kabla ya kumjulia hali. Kisha nikamweleza kwa utaratibu: modemu hupiga, upande wao hupokea, miluzi hupigwa, na baada ya nusu dakika mstari hukatika.

"Bofya Start," akasema. "Iko chini kushoto."

"Chini kushoto kwangu kuna kitufe kidogo cha kuficha madirisha yote."

"Kibofye, baba."

Ningepaswa kubisha. Lakini nimelelewa kumtii mtu aliye kazini kwake, nikakibofya, na kila kitu nilichokuwa nimekifungua kikatoweka, pamoja na ule ukurasa ambamo nilikuwa nimeandika maswali yangu saba kwa ajili ya mazungumzo hayohayo.

"Unaona nini sasa?"

"Sioni kitu."

"Hivyo ni virusi, baba. Unatumia Windows ipi?"

"Situmii Windows, binti yangu. Natumia Linux."

Kukawa kimya. Nilikipima kimya hicho kwa saa ya ukutani, kikafika sekunde 20, na zote nitazikuta kwenye bili mwisho wa mwezi. Hatimaye akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka wenzake wasikie:

"Baba, hiyo kompyuta ni ya kwako?"

Nikamhakikishia kwamba ni yangu na risiti ninayo. Hapo ndipo aliponiambia habari ya kukosa Start, na kwa kuwa alikuwa na moyo wa kusaidia, akaongeza: "Basi jaribu kuunganisha sasa hivi, mimi nakusikiliza." Nikamweleza kwamba nina laini moja ya simu, ileile tunayozungumzia, na kwamba nikijaribu hatakuwa ananisikiliza mimi, kwa sababu lazima kwanza nimkate yeye. Akafikiri. "Basi kata, ujaribu, halafu upige tena." Nikakata, nikajaribu, ikakatika, nikapiga tena. Akapokea kijana wa kiume. Shikamoo. Marahaba. Za nyumbani? Bofya Start.

Kwa kijana huyu niliamua kwenda moja kwa moja kwenye kiini cha jambo. Ziko njia mbili ambazo seva hutumia kukagua jina na neno la siri la mteja, moja huitwa PAP na nyingine CHAP, na nilihitaji kujua wao wanatumia ipi.

"Kijana wangu, nijibu hili tu. Huko kwenu ni PAP au CHAP?"

"Mzee, sisi huduma zetu zote ni chapchap."

Niliuondoa mkonga sikioni, nikautazama, nikaurudisha. Akasema ataniunganisha na mkuu wa ufundi. Muziki wa kusubiri ukapigwa hadi mwisho, ukaanza upya, na nilipokuwa nimeshaukariri akapokea mtu mzima mwenye sauti ya kukoroma, ambaye hakusalimia.

"Hiyo Linux ni ya kampuni gani?"

"Si ya kampuni. Aliianzisha mwanafunzi wa Helsinki, Finland, mwaka 1991, na watu wa dunia nzima wamekuwa wakiiendeleza."

"Sasa ikiharibika, unamlalamikia nani?"

Ndugu zangu, mimi ni mlalamikaji wa muda mrefu. Nimelalamikia maji, barabara, mizani ya muuza mkaa, na konda aliyenirudishia noti iliyochanika, na siku zote nilijua mlango wa kugonga. Swali hili halikuwahi kunijia akilini. Nikajitetea kwa sauti ya mtu anayesoma katiba, nikisema kwamba uzuri wa mfumo huria ni kwamba kila mtu anaruhusiwa kuufungua, kuusoma na kuurekebisha.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Basi urekebishe," akasema, na akakata.

Hapo heshima ilinitoka. Nilimwambia mkonga maneno ambayo mweka hazina wa chama cha kuzikana hapaswi kuyatamka, ingawa nilihakikisha yote yana upatanisho sahihi wa kisarufi, na Mama Neema akafunga dirisha la upande wa jirani.

Nilichofanya baada ya hapo, kwa hasira tu, ni kusoma maelezo ya wvdial yanayokuja ndani ya mfumo wenyewe, ambayo kumbe hayahitaji intaneti wala simu wala Start. Nikayasoma yote, mstari kwa mstari, hadi nilipokuta mpangilio ambao waliouunda, bila aibu yoyote, wameuita Stupid Mode. Hali ya upumbavu! Ukiiacha programu katika hali yake ya kawaida, yenye akili, ikishapokewa hukaa ikisubiri seva iseme kwanza, iulize jina, iulize neno la siri, nayo ijibu kwa adabu. Ukiiweka katika hali ya upumbavu, haisubiri kitu. Simu ikipokewa tu, inaanza itifaki ya PPP, yaani mazungumzo yenyewe ya intaneti, papo hapo. Na seva ya hawa jamaa, nikagundua, ilikuwa ni ya kusubiri vilevile. Kwa siku tatu mashine mbili zilikuwa zinatazamana, kila moja ikingoja mwenzake ndiye atoe shikamoo, na mimi nikilipia.

Nikaandika kwamba hali ya upumbavu ni ndiyo. Nikapiga. Kwikwi, miluzi, mafuta ya maandazi, na saa tisa alasiri skrini ikaandika CONNECT 115200.

Nilimwita Mama Neema. Nilimwita mtoto wa jirani. Modemu yenyewe imeandikwa kiunoni kwamba uwezo wake ni kilobiti 56 kwa sekunde, nami nimepata 115, na nikajisikia kwamba labda kuna kitu nilichokirekebisha kweli. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipofungua ukurasa wa kwanza, ukashuka kwa vipande kama pazia la mlango wa kinyozi. Ile 115200 ni mwendo kati ya kompyuta na kiboksi, nyaya za urefu wa mkono mmoja. Ni sawa na kupima mwendo wa daladala kwa mbio za konda anayezunguka kutafuta abiria kituoni. Nikaiandikia ATW2 ili iseme ukweli, nikapiga tena, ikasema ukweli: 26400. Kwa mwendo huo megabaiti moja hushuka kwa zaidi ya dakika 5. Nilikuwa bado nalitafakari hilo wakati kialama chekundu kilipojitokeza pembeni na kunijulisha kwa furaha kwamba yapo masasisho ya megabaiti 180. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha ile ya CD. Ni karibu saa 16, endapo umeme utakubali.

Sikuweza kuamua, kwa sababu mlango uligongwa. Alikuwa shangazi wa Tanga, ameshuka kwenye basi sasa hivi, ana mkeka chini ya kwapa na kanga mbili nyeusi. Alikuwa amepiga simu tangu Alhamisi, akakuta inatumika mchana na usiku, na kwa kuwa hajapata kuona nyumba ambayo simu yake haipumziki siku tatu isipokuwa nyumba yenye msiba, akawatangazia ukoo. Ukoo ukachanga. Amekuja na rambirambi kwenye leso, imefungwa fundo, na orodha ya majina ya waliotoa, na mimi mweka hazina nimekaa nayo mezani sijui niiandike katika safu ipi.

Modemu nimeichomoa. Shangazi amekaa karibu na meza ya simu, mkonga ameupakata, anangoja Tanga wapige ili awaambie kwamba hakuna aliyekufa. Tanga nao, ninavyowajua, wanangoja yeye ndiye apige.