Kipokezi Kiko Ughaibuni, Mgonjwa Yuko Newala

Watu wa kusini mwa Tanzania tulioshika kazi ya famakolojia (elimu ya namna dawa zinavyofanya kazi mwilini) tukikutana huku Uingereza, mazungumzo hayachelewi kufika palepale: nyumbani hakuna mashine, kwa hiyo utafiti wa dawa haufanyiki. Mimi naona ni kisingizio. Mashine ni sehemu ndogo ya tatizo, na swali kubwa la dawa kwa mtu wa Mtwara au Lindi halijibiwi na mashine ya huku, hata iwe ya bei gani.

Nianze na pale ambapo huku kweli wanatuzidi, yaani kupima jinsi dawa inavyokishika kipokezi, ile protini ya seli ambayo dawa hujishikiza ili ifanye kazi. Unachukua seli zilizojaa kipokezi unachokitaka, unazisaga kwenye bafa ya baridi (maji yaliyopimwa ili uchachu wake usibadilike), unazizungusha kwa kasi mpaka tando za seli zitulie chini, kisha unazigawa kwenye vichupa na kuzigandisha kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Siku ya kupima unachanganya tando hizo na dawa iliyotiwa alama ya mionzi, mara nyingi tritiamu (hidrojeni yenye mionzi), pamoja na dawa unayoichunguza kwa viwango kama kumi, kutoka kidogo sana kwenda kikubwa. Unasubiri, unachuja haraka kwenye karatasi ya nyuzi za kioo, unasuuza mara tatu kwa bafa ya barafu, halafu unahesabu mionzi iliyobaki kwenye karatasi.

Kwa maneno ni kazi nyepesi, lakini inaharibika kwa njia nyingi za kimyakimya. Wengi hawasubiri vya kutosha: kiwango cha chini cha dawa huchelewa kufikia mlingano (dawa inayoshika kuwa sawa na inayoachia) kuliko kiwango cha juu, kwa hiyo aliyekata kazi kwa dakika 30 anapata namba nzuri isiyo ya kweli. Wengine wanajaza tando kupita kiasi. Zikinyonya zaidi ya asilimia 10 hivi ya dawa yenye alama, kila hesabu inayofuata, ikiwemo fomula ya Cheng na Prusoff ya 1973 inayogeuza namba ya jaribio kuwa nguvu ya dawa kushika kipokezi, inakudanganya. Bafa ya kusuuzia ikipata uvuguvugu, dawa inaachia kipokezi kabla hujahesabu. Na dawa zinazopenda mafuta hung'ang'ania plastiki ya kichupa, ukadhani zimefika kwenye tando kumbe hazikufika.

Mwanafunzi wa Nottingham au Glasgow hana akili ya ziada. Ana duka linaloleta dawa ya mionzi wiki ileile, friza yenye kengele, fundi wa kuitwa, na sehemu halali ya kutupia taka za mionzi. Kwetu, boksi lile lile linashuka Dar es Salaam, linasubiri karatasi za forodha, kisha linaanza safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda Mtwara. Barafu kavu nayo inayeyukia hewani kilo kadhaa kwa siku. Karatasi zikichelewa siku mbili tatu, unachopokea ni supu ya protini. Kazi ya namna hii simshauri mtu aianzishe Mtwara leo. Iacheni ilipo.

Lakini nani kasema vipokezi vilijulikana kwa njia hiyo? Langley, mwanafiziolojia Mwingereza, alipoandika mwaka 1905 kuhusu kitu kinachopokea dawa ndani ya msuli, alikuwa na nikotini, kurare (sumu ya mishale inayolegeza misuli) na misuli ya wanyama. James Black, aliyepata Nobeli mwaka 1988 kwa kazi iliyozaa propranololi (dawa ya moyo na presha) na simetidini (ya vidonda vya tumbo), alitegemea vipande vya moyo na misuli vilivyoning'inizwa kwenye maji ya chumvi. Jeni la kipokezi cha beta, kile ambacho propranololi hukizuia, lilikuja kusomwa baadaye sana, mwaka 1986, propranololi ikiwa imeshazeeka madukani.

Kifaa hicho cha kuning'inizia misuli kinatengenezeka Mtwara. Chombo cha kioo chenye koti la maji ya nyuzi 37, pampu ya hewa ya tangi la samaki, na kihisi cha mvuto kilichounganishwa na kompyuta. Maji yake ni ya Tyrode, na kwa lita moja unapima kloridi ya sodiamu gramu 8, bikaboneti ya sodiamu gramu 1, glukosi gramu 1, kloridi ya potasiamu 0.2, kloridi ya kalsiamu 0.2, kloridi ya magnesiamu 0.1 na fosfeti ya sodiamu 0.05. Kalsiamu inaingia mwisho, maji yakishakaribia lita, la sivyo yanageuka meupe na umeharibu yote. Chumvi ya dukani usiiguse, ina madini joto. Maji ya kisima cha pwani pia hapana, yana kalsiamu yake ambayo hukuipima.

Unaning'iniza kipande cha utumbo wa simbilisi chenye sentimita mbili au tatu, unakipa mzigo wa nusu gramu hadi gramu moja, unakiacha kitulie dakika 30 hadi 45 huku ukibadilisha maji. Kisha asetilikolini (kemikali ya mwili inayofanya utumbo ubane): sekunde 30 ya kugusa, suuza, na dozi inayofuata baada ya dakika tatu, kila moja mara mbili ya iliyotangulia. Weka atropini (dawa inayozuia kipokezi cha asetilikolini), subiri nusu saa, rudia mfululizo mzima. Mstari wote wa grafu ya dozi na mkazo ukihamia kulia bila kilele chake kushuka, umeona ushindani wa kipokezi kwa macho yako. Asetilikolini ichanganywe siku ileile na ikae kwenye barafu, maana ikilala mezani inaoza na utadhani utumbo ndio umechoka. Kibali cha kutumia wanyama kinahitajika kama kawaida. Umeme ukikatika, unapoteza mchana mmoja, hupotezi friza yenye kazi ya miaka miwili.

Sasa tuje kwa mgonjwa, ambako ndiko nyumbani kunaizidi maabara yoyote ya huku. Chukua dawa ya mseto ya malaria, ALu. Kidonge kina artemetha miligramu 20 na lumefantrini 120. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anameza kimoja, hadi chini ya 25 viwili, hadi chini ya 35 vitatu, na kuanzia hapo vinne, mara sita: mwanzo, kisha masaa ya 8, 24, 36, 48 na 60. Dozi ya pili ndiyo inayoponyoka. Aliyeanza saa 4 usiku anatakiwa kumeza saa 12 asubuhi, siyo akisharudi shambani.

Tatizo la pili ni mafuta. Lumefantrini bila mafuta hupita tumboni kama mgeni asiyekaribishwa. Utafiti kwa watu wazima wenye afya ulionesha kwamba mililita 36 za maziwa ya soya, zenye mafuta gramu 1.2 tu, zinatosha kuleta karibu ufyonzwaji wote unaowezekana. Hapo mtu wa Mtwara anapaswa kusimama na kupiga hesabu. Korosho ya daraja la W320 ina uzito wa karibu gramu 1.4, na mafuta yake ni zaidi ya asilimia 40. Tatu zinakupa gramu karibu 1.8. Kwa mtoto mdogo zisagwe ziingie kwenye uji, asije akapaliwa. Hii ni hesabu ya mezani, haijawa matokeo; mtoto mwenye homa na kichefuchefu si mtu mzima mwenye afya. Lakini ni swali ambalo mtu wa Tandahimba angeliuliza kabla ya profesa yeyote wa huku.

Na linapimika. Siku ya saba tangu dawa ianze, tone la damu ya kidole kwenye karatasi ya kuchujia iliyotiwa asidi ya tartariki mapema, maana bila hiyo lumefantrini haitoki vizuri kwenye karatasi. Ikauke kivulini masaa manne hivi, mbali na nzi na sisimizi, kisha mfuko wenye silika ya kunyonya unyevu. Unyevu wa pwani ni adui: karatasi iliyofungwa ikiwa mbichi inaota ukungu. Tone lisirudiwe juu ya tone. Mgonjwa mwenye upungufu wa damu, damu yake husambaa zaidi kwenye karatasi na kipimo kinashuka, kwa hiyo wingi wa damu upimwe siku hiyo hiyo. Karatasi zinasafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, kwenye HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima dawa. Kiwango cha lumefantrini cha kutazama ni nanogramu 200 kwa mililita ya plazima (maji ya damu yasiyo na chembe). Wanaofikia hapo, malaria ni nadra kuwarudia. Damu ya kidole si plazima, hivyo utahitaji wagonjwa kadhaa wa kulinganishia.

Dawa za matende na mabusha nazo zina lao. Ivermektini hufungua milango ya kloridi kwenye mishipa ya fahamu ya minyoo, milango ambayo binadamu hatuna, na ndiyo maana inaweza kumezwa na karibu kijiji kizima. Dozi inapimwa kwa kijiti cha urefu: aliyefika sentimita 159 anapewa vidonge vinne vya miligramu 3. Mwenye kilo 50 anapata mikrogramu 240 kwa kilo, mwenye kilo 95 anapata 126. Sikilaumu kijiti, kinaokoa kubeba mizani hadi vijijini. Nasema tu kwamba tofauti hiyo ni utafiti mzima, na unahitaji mizani, karatasi za damu na daftari.

Ajira ya huku nayo isisifiwe kupita kiasi. Baada ya PhD ya miaka mitatu minne unaishi kwa mikataba ya miaka miwili mitatu. Ruzuku ya bosi ikiisha, na wewe umekwisha. Njooni mjifunze, ila chagueni ujuzi unaobebeka: kupanga viwango vya dawa, kuchora mikunjo kwa programu ya R, kutengeneza modeli za mwendo wa dawa mwilini. Vyote vinafanyika kwenye laptopu.

Mkirudi na wazungu wenu, someni mikataba. Kibali cha maadili ni cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), jaribio la dawa linapita pia TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na sampuli zikitoka nchini pana mkataba wa kuzihamisha. Humo mdai mambo matatu kabla ya kusaini: nakala ya takwimu ghafi ibaki mkoani, karatasi za damu zilizobaki zirudishwe au ziteketezwe kwa tarehe iliyoandikwa, na tabibu aliyekusanya tone la siku ya saba aandikwe kwenye orodha ya waandishi, asiishie kwenye shukrani.