GB 8 au GB 16? Anza na sloti

Kuhusu RAM ya laptopu mpya, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika programu zilizofunguliwa, kuna kambi mbili. Wapo wanaosema jitose mara moja, chukua GB 16 au hata 32, usirudi tena dukani. Wengine husema mtu wa Word, Excel na barua pepe anatoshwa na GB 8, hela inayobaki aiweke kwenye SSD, diski ya chipu yenye kasi. Wote wana hoja, ila wanaruka swali la kwanza: RAM ya mashine hiyo hutoka, au imechomewa kwenye ubao mama?

Kwenye MacBook Air na ThinkPad X1 Carbon imechomewa. Hakuna fundi wa mtaani atakayekuongezea. Kiasi ulichonunua utakufa nacho. Apple waliuza MacBook Air ya GB 8 hadi Oktoba 2024, ndipo 16 ikawa kima cha chini, kwa hiyo za 8 bado zimejaa kwenye soko la mtumba. ThinkPad T480, laptopu ya ofisini inayopatikana sana used, ina sloti (nafasi za kuchomeka RAM) mbili za DDR4, kizazi kimoja cha RAM. Ndugu yake T480s ina sloti moja tu, RAM nyingine imechomewa. Herufi moja hiyo imewaponza wengi wanaonunua kwa kuangalia picha.

Watu wa GB 8 wana ushahidi. Windows 11 inadai GB 4 kama kima cha chini, na ikishawaka tu huwa imekula kama 3 hadi 4. Ongeza Chrome yenye kurasa kumi na kitu, WhatsApp na kikao cha Zoom, nafasi imekwisha. Hapo Windows huanza kuhamishia diskini vitu visivyotumika kwa wakati huo. Kama diski ni HDD, ile ya zamani inayozunguka, kazi imekwama: mshale unatembea, dirisha linapauka, taa ya diski haizimi. Kama ni SSD, jambo lile lile linatokea ila unahisi kusita kidogo tu. Ndiyo maana laptopu ya GB 8 yenye SSD huishinda ya GB 16 yenye HDD kwenye kazi nyingi za kawaida, na anayekushauri kinyume chake anakuuzia namba.

Lakini GB 8 za kwenye karatasi si 8 kamili. Prosesa zenye grafiki ndani yake hujikatia fungu la RAM. Laptopu nyingi za prosesa ya Ryzen zenye GB 8 huonyesha zinazotumika ni 5.9 hivi au 6.9, kwa sababu kiasi kilichobaki kimetengewa grafiki. Halafu kuna suala la vipande vya RAM vinavyochomekwa kwenye sloti. Kipande kimoja cha GB 8 hupitisha data kwa njia moja. Kwa kipande cha DDR4-3200 hiyo ni GB 25.6 kwa sekunde, na ukiweka viwili inakuwa mara mbili. Kwa Excel hutaona tofauti. Kwa gemu kwenye grafiki ya ndani utaiona wazi. Vipande viwili vya GB 4 vina kasi leo, ila siku ya kuongeza itabidi kimoja kitupwe. Kwa anayepanga kuongeza baadaye, afadhali kipande kimoja cha 8.

Watu wa GB 16 wana haki pale kazi yenyewe inapokula RAM: Android Studio ya kutengenezea app pamoja na simu yake ya kuigiza, kompyuta pepe (inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine), picha nyingi kwenye Photoshop. Video za 4K na kompyuta pepe mbili tatu kwa pamoja zinataka 32. Nje ya hapo, RAM isiyotumika haiongezi kasi hata chembe, na haiponyi prosesa dhaifu. Celeron N4020, kwa mfano, Intel wenyewe wameiwekea ukomo wa GB 8.

Badala ya kubahatisha, pima kwenye mashine uliyonayo. Fungua kila kitu unachofungua siku ya kazi nyingi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda Performance, kisha Memory. Usitishwe na asilimia 60 au 70. Angalia namba ya kwanza chini ya neno Committed, yaani kumbukumbu ambayo programu zimeomba kwa jumla: ikizidi RAM uliyonayo muda mrefu, na diski inahangaika, unahitaji zaidi. Hapo hapo mstari wa Slots used hukuambia sloti ngapi zina kitu. Ukiwa dukani, fanya hivyo kabla ya kulipa.

Ushauri wa "utaongeza baadaye" umepungua nguvu tangu mwishoni mwa 2025. Samsung, SK Hynix na Micron, wanaotengeneza sehemu kubwa ya chipu hizi duniani, wameelekeza uzalishaji kwenye seva za akili bandia, na bei ya RAM ikapaa. Kwa mashine mpya ya DDR5, kizazi kinachofuata DDR4, tofauti ya bei ya 8 na 16 ikiwa ndogo kuliko bei ya kipande chenyewe, chukua 16 leo. Kwa DDR4 bado mafundi wana vipande vilivyotolewa kwenye laptopu zilizokufa, navyo ukivijaribu kwanza havina shida. Na kwa iliyochomewa sibishani sana: 16, au tafuta mashine nyingine.

Ukiongeza mwenyewe, DDR4 haiingii sloti ya DDR5. Pengo la kwenye meno limekaa tofauti, usilazimishe. Kwenye T480 ingia BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) kwa F1 wakati wa kuwasha, Config, Power, uzime betri ya ndani kabla ya kufungua. Ingiza kipande kwa mshazari hadi meno ya dhahabu yazame, kisha kilaze mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Ukiwasha kioo kikabaki cheusi, hasa DDR5, subiri dakika kadhaa: mashine inajipima na RAM mpya, na wengi huikatizia umeme hapo hapo wakidhani wameiua.