Eti "kuruka-ruka tu"

Kuna klipu ya zamani imerudi kwenye grupu letu la WhatsApp, wale wacheza baleti wa Opera ya Paris wanacheza baleti ya Swan Lake nje, mbele ya jumba lao la Palais Garnier, tarehe 24 Desemba 2019, baridi ile, kisa mgomo wa pensheni: serikali ya Ufaransa ilitaka kufuta utaratibu wao wa kustaafu na miaka 42. Jamaa mmoja akaandika "hawa nao wanagoma? Kuruka-ruka tu halafu wanataka kustaafu na miaka 42, wazungu bana." Watu wakamwaga emoji za kucheka. Nilikasirika jamani.

Wengi wao wameingia shule ya baleti na miaka nane, tisa, umri ambao sisi tulikuwa tunacheza rede. Akifika 17 au 18 ndo anashindania ajira, akipata anaanza daraja la chini kabisa, na kupanda ni mashindano tena mbele ya majaji, wengi wanazeekea mstari wa nyuma hata majina yao huyajui. Huku nyonga, magoti, vifundo vya miguu vyote vinalika. Misty Copeland, mcheza baleti wa Marekani, mwaka 2012 alipanda jukwaani mfupa wa mguu una nyufa sita, baadaye wakamfunga chuma, na hapo bado hajawa mcheza mkuu, cheo chenyewe kaja kukipata 2015. Sasa mwambie mtu wa hivyo asubiri hadi 62, kama karani wa Ufaransa wakati ule. Na 62 atamnyanyua nani hewani?

Mchezaji mpira akigonga 34 tu mnaanza "kazeeka, apishe vijana".

Haya, hawa wa Paris wana ajira ya kudumu na hela ya serikali, kitu ambacho wacheza baleti wengi duniani hawana, na mama ntilie wetu pensheni haijui kabisa. Nakubali, shingo upande. Ila mama ntilie anafaidika nini wale wakinyang'anywa ya kwao?

Kilichonigusa ni kingine. Utaratibu wao una mizizi tangu 1698, enzi za mfalme Louis wa 14, na serikali iliwaambia nyie mliopo hamguswi, tutaanza na watakaoajiriwa kuanzia 2022. Yaani wao walikuwa salama kabisa. Wakakataa! Hawakutaka kuwauza wadogo zao ambao hata ajira hawajapata. Mtu mbinafsi angekubali siku ileile akawahi kula Krismasi kwao.