Neva za utumbo wa kuku: kukata parafini au kubandua tabaka?

Katika mafunzo ya udaktari wa mifugo Lubumbashi, anayetaka kuona neva za utumbo wa kuku ana njia mbili. Moja ni mkato wa parafini, yaani kipande kilichogandishwa ndani ya nta (bloku) na kukatwa wembamba wa mikroni 5, kisha kutiwa rangi za hematoksilini na eosini. Nyingine ni kubandua ukuta wa utumbo mpaka ubaki utando wa misuli wenye mtandao wa neva, kisha kuutia rangi ukiwa mzima.

Wanaotetea parafini wana hoja nzito: bloku haiharibiki umeme ukikatika wiki nzima. Rangi inayopendwa kwa utando hutumia kemikali iitwayo NADPH, na hiyo inataka baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Friza ikiyeyuka mara mbili tatu, utando hubaki mweupe na mtu akadhani neva hazipo. Tena rangi hiyo huonyesha neva zinazotoa oksidi ya nitriki tu, si zote.

Ila kwenye hesabu mkato hudanganya. Seli yenye upana wa mikroni 20 huonekana katika mikato minne hivi mfululizo. Ukihesabu yote, seli moja imekuwa nne. Utando hukupa kifundo kizima cha seli za neva pamoja na nyuzi zinazokiunganisha na jirani yake.

Kuchelewa huharibu njia zote mbili. Kuku aliyechinjwa asubuhi na kulala juani katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, hafai tena, maana utumbo huoza upesi. Chukua sentimita 3 ndani ya dakika 15, tia katika fomoli (dawa ya kuzuia kuoza) ya 10% iliyo mara 10 ya ujazo wa kipande. Kwa kubandua, funga ncha moja kwa uzi, jaza fomoli ukuta utanuke, ndipo ufunge ya pili. Usipojaza, misuli hujikunja na vifundo hulaliana.

Firigisi huwachanganya wengi. Wanatafuta mtandao wa Auerbach, yaani ule mtandao wa neva za misuli, kati ya tabaka mbili za misuli kama kwenye utumbo, kumbe uko juu, chini ya utando wa nje, kwa kuwa misuli ya urefu karibu haipo.

Kwa ugonjwa wa Marek, ugonjwa wa virusi unaovimbisha neva za kuku, sisi tungechagua parafini bila kusita, kwani limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) zilizovamia neva huonekana vizuri kwenye mkato. Lakini usikwangue utando unaoshikilia utumbo: humo hupita neva ya Remak, ambayo mamalia hawana, na ni mojawapo ya neva zinazovimba. Mkasi ukipita karibu na ukuta, neva hiyo huishia kwenye ndoo pamoja na mafuta.