Maji baridi yetu yanaelea juu ya bahari na sisi twachimba tu

Jumapili iliyopita nlikwenda Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa bibi, nikakaribishwa chai kama kawaida, ile nagusa ulimi tu nikajua. Chumvi. Wala sio chumvi ya mtu kukosea kopo akidhani sukari, ni maji yenyewe, na bibi akaniangalia usoni akasema "ndo hivo mwanangu, kisima kishaingia munyu".

Kisima hicho kakichimba babu yake bibi kwa mtaimbo na sululu, kwenye jiwe tupu, na wazee wakitwambia mtu alikuwa anashinda kutwa anagonga jioni anapima kaenda shubiri mbili. Mimi nimekua nayachota maji yale kwa ndoo na kamba, matamu, ya baridi, ukinywa mchana wa jua kali unahisi yanashuka mpaka tumboni. Sasa hivi sabuni haitoi povu, ukifua inakatikakatika vipande vyeupe kama maziwa yalochacha, na wajukuu wanapelekwa na madumu mtaa wa juu kwenye mfereji, yaani bomba, kusubiri zamu. Mwaka juzi hoteli moja nyuma ya mtaa ilichimba kisima cha mashine na mashine ile inavuta usiku na mchana, bwawa la kuogelea, bustani ya majani mabichi wakati wa kiangazi, mashuka ya vyumba vyote. Mambo mawili haya mimi siyatenganishi, na nitaeleza kwa nini.

Nimekua nikisikia watu wazima wakisema maji ya visima vyetu yanatoka bara, yanapita chini ya bahari yanakuja kuibukia Unguja. Ni maneno mazuri kuyasikia lakini si kweli, na nadhani yanatudhuru, maana mtu akiamini nyuma yake kuna bara zima linamletea maji hana sababu ya kuogopa. Maji yetu ni mvua. Ni masika na vuli basi, hakuna jengine. Mvua inanyesha, jiwe letu la matumbawe lina matundu kila pahala, maji yanazama, yanakwenda chini mpaka yanakutana na maji ya bahari ambayo nayo yamejipenyeza ndani ya jiwe kutoka pande zote za kisiwa. Hapo yanakaa juu yake kama mafuta ya nazi yanavokaa juu ya mchuzi, kwa sababu lita moja ya maji ya mvua ni kilo moja na lita ya maji ya bahari ni kilo moja na gramu kama 25. Gramu 25 tu! Hizo ndo zinazoshikilia maisha ya kisiwa kizima.

Kuna hesabu yake, waliigundua Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mtu kwa wakati wake, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 huko. Kila mita moja ambayo maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yamepanda juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 za maji baridi zimeikandamiza bahari. Ukisikia hivo unafurahi, mita 40 ni nyingi, lakini igeuze hesabu uone. Ukivuta mpaka maji yakashuka nusu mita tu kule juu, bahari itapanda polepole mita 20 kutoka chini. Na pale penye mashine yenyewe inakuwa vibaya zaidi, bahari inavutwa juu kama kichuguu, sawa na mtu anaefyonza dafu kwa mrija mpaka anaanza kuvuta makombo. Karibu na pwani mambo ni mabaya zaidi kwa sababu pale maji baridi ni utando mwembamba, hayajapata nafasi ya kuwa na kina. Sasa hoteli ziko wapi? Pwani. Vijiji viko wapi? Pwani.

Tena ukitaka kuyaona kwa macho yako nenda pwani ya mashariki siku ya bamvua bahari ikishakupwa sana. Utakuta mchangani kuna vijifereji vinatiririka kuelekea baharini, chovya kidole uonje, ni baridi kuliko maji ya bahari na chumvi yake ni ndogo. Ile ni mvua ya miaka iliyopita inatoka chini ya kisiwa kwenda zake. Nlipokuwa mdogo tukichimba vishimo pale tukiosha miguu, sikuwa najua kama naoshea kitu kikubwa namna ile.

Watu wananambia, dunia yote maji, utakosaje maji? Chukua maji yote ya dunia yatie kwenye madumu 100 ya lita 20. Madumu 97 na nusu ni ya chumvi. Yale mawili na nusu yalobaki, kama moja na robo tatu ni barafu iko Antaktika na Grinlandi na juu ya milima. Karibu robo tatu ya dumu iko chini ya ardhi, na kwenye hiyo ndo kimo kisima cha bibi. Mito yote na maziwa yote, Ziwa Tanganyika, Victoria, Nile, Amazon, changanya yote haijazi kikombe cha chai. Sisi Zanzibar hata kwenye kile kikombe hatumo, ziwa kubwa hatuna, vijito tunavo lakini Unguja vyengine vinatembea mpaka vikifika kwenye jiwe vinazama visionekane tena. Pemba wana afadhali, mabonde yao yana maji na udongo wao unashika, ingawa ukifika Micheweni ni jiwe lilelile na shida ileile.

Na sio binadamu tu, hili ndo linaloniuma kuliko yote. Maalim wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha kila kilicho hai kimejaaliwa kutokana na maji, tukawa twakariri tu, mpaka nlipokwenda kwa mjomba kwenye bonde la mpunga Cheju mvua za kwanza za masika. Wiki moja kabla bonde lile kavu, limepasuka, hujui kama kuna kiumbe. Mvua imepiga siku mbili, usiku wa tatu hatulali kwa vyura! Nlishuka asubuhi na mapema nikachutama kwenye kidimbwi si kikubwa kuliko sinia, ndani mna viluwiluwi wanakwangua ukijani kwenye jani la mpunga lililozama, mna watoto wa kereng'ende wamejibanza kwenye tope wanawinda watoto wa mbu, juu yake kereng'ende wakubwa wanapita. Chura hanywi kwa mdomo, anayanywa maji kwa ngozi yake, kwa hiyo maji yakiingia chumvi au sumu yeye ndo wa mwanzo kuondoka, na akiondoka mbu wanabaki na sisi. Maji baridi ya juu ya ardhi hayafiki hata asilimia moja ya uso wa dunia, lakini kama sehemu moja katika kumi ya aina zote za wanyama zinazojulikana zinaishi humo.

Jozani vilevile. Watu wanakwenda kuangalia kima punju wapige picha warudi, wachache wanauliza msitu mkubwa vile umesimama na nini katikati ya jiwe. Umesimama na maji ya chini, pale yako karibu na mizizi, masika ikiwa kubwa msitu unafurika unatembea mnamo maji. Maji yale yakishuka au yakiingia chumvi hutaona siku ya kwanza wala mwaka wa kwanza. Mti mkubwa hufa polepole.

Upande mwengine wa jambo ni kwamba jiwe linalopitisha mvua haraka linapitisha kila kitu haraka. Udongo mzito huyachuja maji, jiwe letu lina mifereji ndani yake. Karo la choo limechimbwa hapa, kisima hatua 15 mbele, mwenye kisima anasema maji yangu safi yanang'aa, lakini kung'aa sio usafi. Mji wa Zanzibar ulishapigwa na kipindupindu mwaka 1858 na tena 1869 mpaka 1870, enzi watu wanategemea visima vya humohumo mjini. Baadae Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, akayaleta maji ya chemchem kutoka upande wa Bububu mpaka Mjini kwa mfereji, na mpaka leo bomba la nyumbani sisi twaliita mfereji. Ukiangalia Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, ilivyo sasa, nyumba juu ya nyumba, karo na kisima vimebanana, tumerudi palepale alipotutoa.

Watu wenyewe tumezidi. Sensa ya 2012 ilituhesabu Zanzibar nzima 1,303,569, ya 2022 ni 1,889,773. Mvua haikuongezeka kwa hesabu hiyo. Na maji yetu mengi yanavutwa kwa umeme, asiyekumbuka amuulize mtu mzima wa nyumba yake habari ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kebo ya chini ya bahari imeharibika, miezi mitatu hakuna umeme, mama zetu wanaamka saa nane za usiku kufuata maji. Baada ya pale kila mwenye uwezo akachimba kisima chake na kuweka tangi, na siwalaumu, hata mimi ningechimba. Lakini visima elfu vya watu binafsi havitengenezi maji mapya, vinaongeza mirija kwenye dafu lilelile.

Najua nitaambiwa hoteli zinaleta kazi. Zinaleta, binamu yangu anafanya kazi hoteli na watoto wake wanasoma skuli kwa mshahara ule. Nnachotaka ni kila kisima cha mashine kiwe na mita na kipimwe chumvi yake, majibu yabandikwe kwa sheha, kiongozi wa mtaa, watu wayaone, na chumvi ikianza kupanda mashine ipunguzwe kabla visima vya jirani havijafa. Kisima kikishaingia bahari huwezi kukisafisha kwa dawa, unasubiri mvua za miaka. Pia msitu wa Masingini na mabonde yote yanayopokea mvua kwa ajili ya mji yasiguswe, hata kiwanja kimoja, hata kwa mkubwa.

Na mapaa yetu! Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la bati la mita 50 za mraba, tuseme mwaka umepata milimita 1,000 tu, ni lita 50,000. Hata zikipotea 10,000, unabaki na madumu 2,000 ya maji matamu yaliyokuja mwenyewe mlangoni. Zamani nyumba nyingi zilikuwa na birika la kuhifadhia maji ya mvua, siku hizi twajenga ghorofa bila ya hata mlizamu mmoja wa kukinga maji ya paa, maji yanamwagika barabarani yanabeba mchanga na mifuko mpaka baharini. Misikitini ndo kabisa, paa kubwa kuliko zote mtaani, na chini yake mtu anatia udhu kaachia mfereji wazi anazungumza na mwenzake.

Kwa bibi nishapima paa, ni mita 42 za mraba. Tangi la lita 5,000 tumelichangia ndugu watano, fundi wa bati kaniambia mlizamu utakuwa tayari wiki ijayo, na vuli ikiwahi ni Oktoba. Bibi anasema wa mwanzo kupata ni mtungi wake wa maji ya kunywa, halafu ndo madumu.