Salamu ya Kumi

Simu yangu ina kalenda ya siku za ajabu. Sisemi Jamhuri au Mashujaa, hizo hata bosi wangu anazijua. Nasema zile nyingine. Mei 8, kwa mfano, ni Siku ya Punda Duniani. Nilimpelekea karoti punda wa mkokoteni wa maji, akala karoti na kipande cha mkono wa shati. Agosti 13 ni siku ya wanaotumia mkono wa kushoto. Nilikula ugali kwa kushoto mbele ya baba mkwe, na hiyo tuiache hapo hapo. Novemba 19 ni Siku ya Choo Duniani, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013. Nilisugua choo cha ploti, kile tunachotumia nyumba sita, na tangu siku hiyo zamu imekuwa yangu.

Mke wangu husema mtaa mzima wa Umoja hauna mtu mwingine anayefuata sikukuu zisizo na chapati.

Siku mbili baada ya choo ikafika Novemba 21, Siku ya Salamu Duniani. Hii ilinigusa. Waliianzisha ndugu wawili Wamarekani mwaka 1973, baada ya vita vya Oktoba kati ya Misri na Israeli, wakitaka watu wamalize mambo kwa kuongea. Sharti ni moja tu: salimia watu 10. Nikacheka peke yangu. Salamu, sisi? Watu ambao "hujambo" ni kubisha hodi tu, bado hamjafika kwa watoto, mvua na ng'ombe? Nikajua kufikia saa mbili asubuhi nitakuwa nimemaliza.

Hiyo ilikuwa hesabu ya kijijini, na mimi nilikuwa Nairobi.

Wa kwanza, mlinzi wa geti, alijibu vizuri sana kisha akauliza kuhusu ya chai. Hamsini ikaenda. Wa pili, mama mboga, alisema, "Salama, na zile sukuma za Jumatatu utalipa lini?" Mjini mambo yakaharibika kabisa. Karibu na Archives nilimwambia bwana mmoja, "Habari yako?" Akajibu, "Sina," na hakupunguza mwendo. Dada mmoja alihamisha mkoba kutoka mgongoni hadi kifuani, akaukumbatia kama mtoto mchanga kwenye baridi. Mwingine nilimpa shikamoo kwa heshima zote, akasimama katikati ya Moi Avenue kuniuliza nimeona mvi zake wapi. Nilikuwa nimejiwekea kanuni kwamba asiyejibu salamu hahesabiwi, kwa hiyo hao wote walianguka. (Wa mvi nilijadiliana naye moyoni muda mrefu. Alijibu, lakini si salamu.)

Kazini, duka la spea Kirinyaga Road, nikaokota wachache. Bosi nilipomuuliza ameshindaje, aliniambia advansi ni hadi tarehe 28. Jioni nikawa na tisa.

Mvua ya Novemba ikashuka, nauli ikapanda kutoka 50 hadi 100, nami nikajibana ndani ya matatu ya watu 33 iliyobeba zaidi ya hao. Tulipofika Muthurwa gari likasimama, na jamu ya Jogoo Road haina maneno. Jirani yangu alikuwa na spika masikioni. Wa mbele alikuwa amelala, shavu kwenye dirisha. Nikaona nisitafute mmoja mmoja. Nikasimama, nikashika chuma cha juu, nikasafisha koo.

"Hamjambo nyote?"

Kimya. Kisha sauti ya mama kutoka nyuma: "Bwana asifiwe!"

Mimi ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, lakini mdomo una mazoea yake. "Amina," nikasema.

Hapo ndipo nilipopotea. Spika zikatoka masikioni. Aliyelala akaamka. Makanga akamgongea dereva: "Zima ngoma, kuna mtumishi!" Na muziki ukazimwa, jambo ambalo sijawahi kuliona katika miaka 11 ya kupanda hizo gari.

Nikajitetea. "Jamani, mimi nilitaka kuwasalimia tu."

"Amina!"

"Kwa sababu hapa Nairobi hatusalimiani."

"Sema, mtumishi!"

"Tangu asubuhi nimetafuta watu kumi, nimepata tisa."

Mzee mwenye kofia ya sufu akaruka kitini kama aliyekalia pini. "Wakoma kumi! Wale tisa wako wapi?" Gari zima likalipuka. Sikuwa nimewaza wale wakoma wa Biblia hata kidogo, lakini ukiona mahubiri yanajipanga yenyewe hivyo unaogopa kuyakatiza.

Mama wa kiti cha mbele akaninyoshea goti. Lilikuwa limefungwa leso ya maua ya njano, fundo limekazwa pembeni, na chini yake dawa ya kuchua ilinuka hadi macho yakaniwasha. "Niombee, mwanangu. Ngazi zimenishinda." Alikuwa na macho ya mtu ambaye huwezi kumwambia habari za kalenda ya simu.

Nikafumba macho. Nikaanza na ile Zaburi ya mchungaji, ikanikatikia malishoni. Watu wamenyamaza, wanangoja. Maneno pekee yaliyobaki kichwani yenye Mungu na baraka yalikuwa yale tuliyoimba shuleni kila Jumatatu na Ijumaa chini ya bendera. Nikayaomba. Taratibu, kwa uchungu, sauti ikitetemeka. Kufikia mstari wa tatu nilifumbua jicho moja: mtoto wa sare ya shule alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, begi kichwani. Wengine wakaanza kukunja uso, kama mtu anayesikia wimbo wa jirani akiwa bafuni. Nikawahi kusema amina kabla ya kwenda kwenye ubeti wa pili.

Wakaanza kuchanga. Mbao (yaani shilingi ishirini), hamsini, sarafu za kumi zenye joto la kiganja, zote zikapita mkono kwa mkono hadi kwangu. Nilipokuwa nahesabu namna ya kuzirudisha, mtu akanigusa bega. Suti ya kahawia, Biblia iliyofungwa kwa mpira wa tairi.

"Ndugu," akaninong'oneza, "hii laini ni yangu, Jumatatu hadi Ijumaa."

"Chukua. Chukua zote."

Akazichukua, akazihesabu, shilingi 430, akanirudishia mbao. "Una karama," akasema. "Lakini maombi yako ni mafupi. Jaribu laini ya Rongai, jamu yao ni ndefu na watu wana njaa ya neno."

Makanga alikataa nauli yangu, kwamba mtumishi halipi. Nilishuka Umoja nikidhani yamekwisha. Sikuwa nimemwona mama wa chumba namba 4, aliyekuwa kiti cha nyuma kabisa. Ndiye aliyeanza na Bwana asifiwe.

Kesho yake, Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlango ukagongwa. Mke wangu akachungulia, akarudi akiwa ameshika kiuno.

"Pasta, unaitwa."

Walikuwa watu saba wenye mitungi na ndoo. Maji yalikuwa yamepotea tangu Jumatano, na walitaka nikaliombee bomba la uani. Hapa niseme ukweli: ratiba ya mgao imebandikwa ndani ya ile ile choo ninayosugua, na inasema maji ya upande wetu huja Jumamosi. Lakini ni nani mwingine anayekaa mle muda wa kusoma?

Nikatoka na kaptura na ndala, nikiwa nimeshapanga maneno ya kuwaeleza.

"Hamjambo," nikasema, na bomba likakohoa.