The Grey King: Mlima wa Kweli, Mtoto wa Kubuni

The Grey King, riwaya ya nne kati ya tano za mfululizo wa Susan Cooper, ilitoka mwaka 1975. Mwaka uliofuata ikatwaa tuzo mbili: Newbery ya Marekani, na Tir na n-Og, tuzo ya vitabu vya watoto vya Welisi ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanzishwa. Ubishi juu yake bado upo. Je, Mwingereza aliyehamia Marekani mwaka 1963 amezitendea haki ngano za Wawelisi, au amechota kisimani mwa watu na kujaza mtungi wake? Kwa maoni yangu amezitendea haki kila anapogusa ardhi na ulimi wao. Anapomgusa Bran, mtoto mwenye ualbino anayekuwa rafiki wa mhusika mkuu, mambo yanayumba.

Kisa chenyewe kwa ufupi: Will Stanton, mvulana wa miaka 11, ametoka kuugua homa ya ini na anapelekwa kupumzika kwa jamaa zake wafugaji karibu na mji wa Tywyn. Ana kazi ya siri: kutafuta kinubi cha dhahabu na kuwaamsha mashujaa sita waliolala chini ya mlima. Anayemzuia ni Brenin Llwyd, Mfalme wa Kijivu, anayetawala ndani ya ukungu wa mlima Cader Idris kwa niaba ya Giza, adui wa Nuru ambayo Will anaitumikia.

Anayetaka kupima uaminifu wa Cooper aanze na ramani. Cader Idris upo, mita 893, na jina lake maana yake ni kiti cha Idris, jitu la zamani. Wenyeji husema anayelala huko usiku huamka mshairi au mwendawazimu, kama ataamka. Craig yr Aderyn, Mwamba wa Ndege, nao upo. Ni jabali la bara ambako minandi, ndege wa baharini, bado hujenga viota kilomita kadhaa kutoka ufukweni. Cooper ameuweka mlango wa kinubi hapohapo, mahali ambapo maumbile yenyewe tayari yana ajabu yake. Brenin Llwyd naye si wa kutungwa: Marie Trevelyan alimtaja katika kitabu chake cha ngano cha mwaka 1909, ingawa kwa maneno machache, hivyo nyama nyingi ameziweka Cooper. Tena eneo hili hakulijua kwa kusimuliwa tu. Bibi yake alikuwa mtu wa Aberdyfi, na wazazi wake walihamia huko.

Upande wa lugha, kuna ukurasa ambao ningependa kila mwalimu wa fasihi ausome. Bran anamfundisha Will kutamka majina ya mahali, na Will anakwama vibaya. Msomaji wa Kiswahili ana nafuu kubwa kuliko Will. Herufi dd ya Kiwelisi ni dh yetu ya "dhahabu". Ch yao ni kh ya "kheri" kwa anayeitamka vizuri. F moja ni v, na f mbili ndizo f. Kwa hiyo Aberdyfi ina v ndani yake, na Cafall, jina la mbwa wa Bran, huanza na "Kav". Kigumu ni ll peke yake: weka ulimi kama unataka kusema l, kisha pitisha pumzi kando ya ulimi bila kutoa sauti ya kooni. Kosa la kawaida ni kuisoma kama l ya kawaida. Cooper hakuifanya lugha hii kuwa pambo la kichawi. Ameionyesha kuwa ni lugha ya watu wanaoitumia kuuliza habari za kondoo.

Ndani ya mwamba wa kinubi Will na Bran wanaulizwa mafumbo matatu na mabwana wa kale. Mawili yametoka moja kwa moja katika Utatu wa Kisiwa cha Britania, orodha za kale ambazo Wawelisi walizitumia kukumbuka visa vyao: wazee watatu wa dunia (Bundi wa Cwm Cawlwyd, Tai wa Gwernabwy na Ndege Mweusi wa Celli Gadarn), na wakarimu watatu, ambao Arthur, mfalme wa ngano za Britania, aliwapita wote. Hapo hana dosari. La tatu linauliza ni ufuko gani unaoiogopa bahari. Jibu ni mti uitwao beech, kwa kuwa kwa Kiingereza jina lake linasikika sawa na neno la ufuko, na mbao zake hazivumilii maji. Kwa Kiwelisi ufuko ni traeth na mti huo ni ffawydden, kwa hiyo fumbo linakufa. Mabwana wa kale wa Welisi wanategaje fumbo linalofumbuliwa kwa Kiingereza tu? Mtu atasema wasomaji wake ni wa Kiingereza. Ni kweli, lakini mlango huo ndio moyo wa kitabu.

Sasa Bran. Tunakuja kujua kwamba ni mwana wa Arthur, aliyeletwa na mama yake kutoka karne zilizopita kwa sababu alikuwa amemsaliti mumewe na akahofia Arthur angemkana mtoto. Ngano za Kiwelisi zilikuwa tayari na wana wa Arthur: Llacheu, Gwydre aliyeuawa na nguruwe-mwitu Twrch Trwyth, na Amr, ambaye Historia Brittonum ya karne ya 9 inasema aliuawa na baba yake mwenyewe. Usaliti wa malkia ulipata umbo lake maarufu kwa Chrétien de Troyes, Mfaransa wa karne ya 12. Wanaomtetea Cooper wana hoja: Geoffrey wa Monmouth, mwandishi wa karne hiyohiyo, alikuwa ameshaandika juu ya malkia na Mordred, mpwa wa Arthur aliyemchukua, kabla ya Chrétien, na hadithi za Arthur zimekuwa zikivuka mipaka tangu hapo. Hilo nalikubali.

Nisilolimeza kirahisi ni ualbino wa Bran. Ngozi na nywele zake nyeupe, na macho yake ya dhahabu, vimefanywa alama kwamba si wa ulimwengu huu. Kwa upande mmoja, mtoto ambaye kijiji kinamnong'ona anageuka mrithi wa mfalme, na Cooper anauandika upweke wake kwa huruma ya kweli. Kwa upande mwingine, imani kwamba mwenye ualbino ana nguvu zisizo za kibinadamu ndiyo iliyowafanya watu wakatwe viungo Tanzania na nchi jirani. Ualbino ni upungufu wa melanini, rangi ya asili ya mwili, unaorithiwa, kwa kawaida kwa wazazi wote wawili. Huja na uoni hafifu na ngozi inayoungua juani, na macho huwa ya buluu, kijivu au kahawia, si dhahabu. Mwalimu wa Mwanza akikisoma kitabu hiki darasani, aliseme hilo kabla ya kufungua sura ya kwanza.

Nguvu kubwa ya kitabu, hata hivyo, iko katika kifo cha mbwa. Mbweha wa kijivu wa Brenin Llwyd wanaua kondoo, lakini wakubwa hawawaoni. Wanachokiona ni Cafall akiruka, na mfugaji jirani, Caradog Prichard, anafyatua bunduki. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1971 humpa mfugaji kinga anapoua mbwa anayeshambulia mifugo yake, mradi hana njia nyingine na awaarifu polisi ndani ya saa 48. Kwa macho ya majirani, basi, Prichard ametenda jambo ambalo mfugaji yeyote angelielewa, na uchungu wa Bran hauna mahakama ya kuupokea.

Mchungaji John Rowlands ndiye anayelisema lililobaki: kwamba hata upande wa Nuru una ukali wake, na hausiti kumpita mtu mmoja kwa ajili ya lengo lake. Will, mtumishi wa Nuru hiyo, anamkubalia.